Zege Likishamwagwa Halizoleki

Wahandisi wenzangu, manahodha, wavuvi, wafanyakazi wa gatini, wanafunzi, na nyote mliofika: asanteni kwa kunikaribisha.

Hapa mezani kuna mabamba mawili ya zege, yamefunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji ya chumvi. Sitayafunua sasa. Waliokaa mbele wataanza kusikia harufu kabla sijafika huko, nao nawaomba radhi mapema.

Nina mazoea yangu ya miaka mingi. Nikifika bandari yoyote, kabla sijainua macho kutazama kreni, huenda ukingoni mwa gati wakati maji yamekupwa, nikainama, nikautazama ukuta. Kisha hutembea hadi mahali ambapo mwamba wa asili umesalia, kama umesalia, nikainama tena. Kwenye mwamba uhai umejipanga kwa matabaka kulingana na nani anaweza kustahimili jua: juu konokono wadogo, chini yao viumbe wenye magamba waliojibana kwenye jiwe, halafu kome na chaza, halafu mwani, na ndani ya kila ufa kaa anakuchungulia. Kwenye ukuta wa gati naona ute wa kijani, mstari wa mafuta na michirizi ya kutu. Maji ni yale yale na mawimbi ni yale yale. Kilichobadilika ni jiwe tulilowapa.

Neno nililokuja nalo ni moja. Ufuo wa viwanda unapofika siku ya kujengwa upya, siku hiyo ndiyo nafasi ya kuurudishia uhai wake. Kabla ya hapo hakuna atakayekuruhusu uguse gati linalopakia mizigo. Baada ya hapo umechelewa, maana ukuta mpya wa bahari husanifiwa udumu miaka 75, pengine zaidi. Mtoto anayezaliwa wiki ya kutiwa saini mkataba atazeeka ukuta ungali umesimama. Wahenga walituambia maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyekaa kwenye kazi hii nasema zege nalo ni hivyo hivyo.

Tuanze na kile tulichokiondoa, kwa sababu wengi wetu tulizaliwa kikiwa kimeshaondolewa. Ufuo wa asili ni mteremko. Unatoka nchi kavu ukishuka polepole, na maji yakijaa na kupwa hufunika na kufunua eneo pana, mahali pengine makumi ya mita, mahali pengine mamia. Katika eneo hilo jua linafika chini. Maji ni machache kiasi kwamba samaki mkubwa hawezi kuingia kumfukuza mdogo. Tope lake limejaa minyoo na vijidudu ambavyo ndege na samaki wachanga huvila. Sasa ilete meli. Meli inataka kinyume cha hayo yote: inataka kina kirefu pale pale ukingoni ili ubavu wake uegemee gati. Basi mjenzi akauchimba mteremko, akapigilia nguzo au mabamba ya chuma, akajaza kifusi nyuma yake, akasawazisha juu. Eneo lililokuwa na upana wa mita mia likasimama wima, likabaki na kimo cha tofauti ya maji kujaa na kupwa, mita tatu au nne. Hesabu hiyo hunikosesha usingizi. Tuliukunja ufuo kama mtu anavyokunja mkeka, tukausimamisha ukutani.

Na ukuta huo una tabia zake. Uso wake ni laini, kwa hiyo kichanga cha chaza kinachoelea kikitafuta pa kushika hakipati pa kushika. Hauna ufa wala kidimbwi, kwa hiyo maji yakipwa kila kilichojishikiza hapo kinakaangwa na jua. Juu yake kuna sakafu ya gati inayotia giza mchana kutwa. Na wimbi, ambalo kwenye mteremko lingechoka likafa, linagonga ukuta, linarudi na nguvu zake na kuchimba mguu wa ukuta wenyewe. Mhandisi yeyote aliyewahi kulipia mawe ya kukinga mguu wa ukuta anajua ninachosema. Tunalipa kila mwaka kwa sababu ya mteremko tuliouondoa.

Kwa nini tuzungumze leo? Kwa sababu kuta hizo zimechoka, na zimechoka karibu kwa wakati mmoja. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iliyoitwa Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Leo meli kubwa kabisa hubeba makontena zaidi ya 24,000 yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20. Kati ya siku ile na leo, bandari zilizojengwa kwa ajili ya magunia na makuli hazikutosha tena. Mabwawa ya meli ya London yalifungwa moja baada ya jingine kati ya 1967 na 1981. Yaliyobaki kazini duniani kote yanatakiwa kuongezwa kina, kuimarishwa ili yabebe kreni nzito, kuwekewa umeme wa kuzihudumia meli zikiwa zimefunga ili zizime majenereta yake. Kwa hiyo kokote mnakotazama, nyundo za kubomoa ama zimeanza kazi au zinakuja. Sisi tunaojali uhai wa bahari hatukuiomba nafasi hii. Imekuja yenyewe, na itapita.

Sasa nataka kukaa kidogo Seattle, Marekani, kwa sababu pale ndipo nilipojifunza zaidi.

Ukuta wa bahari wa mji ule ulijengwa kwa awamu kuanzia 1916 hadi miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya kilichoubeba ilikuwa mbao. Tarehe 28 Februari 2001 tetemeko la kipimo cha 6.8 liliutikisa mji. Wakaguzi waliposhuka kutazama chini ya ukuta waliona kwamba vijidudu vya baharini, vidogo kuliko punje ya mchele, vilikuwa vimeitafuna mbao kwa miongo mingi. Barabara, mabomba na maisha ya watu yalikuwa yamekaa juu ya mbao zilizoliwa. Ukuta ulilazimika kujengwa upya, na kazi ilianza 2013, sehemu kuu ikakamilika 2017.

Hapo ndipo ninapowaomba msikilize vizuri. Mbele ya mji huo hupita samaki wachanga wa samoni wakitoka mitoni kwenda bahari kuu. Wana urefu wa kidole. Wanafuata ukingo, kwenye maji haba, kwenye mwanga, kwa sababu kwenye kina kuna wanaowangoja. Wakifika kwenye kivuli cha gati, wanasimama. Watafiti wamewaona wakisita pale pale kwenye mstari ambapo mwanga unaishia. Macho yao hayajazoea giza lile, na chakula hakionekani humo. Wengine husubiri hadi jua libadili pembe, wengine hulizunguka gati kupitia maji ya kina, mbele ya midomo ya wakubwa. Gati moja si kitu. Lakini mji mzima una magati, moja baada ya jingine, na nguvu za samaki huyu ni chache.

Wasanifu wa ukuta mpya walikaa meza moja na wanabiolojia tangu michoro ya kwanza. Waliinua kitako cha bahari mbele ya ukuta kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu ili maji yawe haba tena. Waliupa ukuta uso wenye mikunjo na vibaraza ili mwani na vijidudu vipate pa kushika. Na njia ya waenda kwa miguu iliyoning'inia juu ya maji waliitengenezea sakafu yenye vioo vizito, ili mwanga ushuke hadi majini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walioufuatilia ukuta baada ya ujenzi waliwaona samaki wachanga wakipita na kula katika njia hiyo. Haijawa ufuo wa asili, na chini ya magati mapana jirani giza bado lipo. Lakini fikirini: njia ile ya miguu ingejengwa kwa vyovyote. Sakafu ingewekwa kwa vyovyote. Swali lilikuwa tu kama itapitisha mwanga au haitapitisha, na kuna mtu alilipata swali hilo mapema, wakati jibu lilikuwa bado mstari wa penseli.

Wala hawakukurupuka. Miaka kumi kabla, mwaka 2007, kando ya ufuo huo huo kwenye bustani ya sanamu, walikuwa wametengeneza ufukwe mdogo na kibaraza cha maji haba mbele ya ukuta wa zamani, kisha wakahesabu. Samaki wachanga na vijidudu walivyovila vilikuwa vingi zaidi pale kuliko mbele ya ukuta mtupu wa jirani. Walipofika kwenye mradi mkubwa walikuwa na kitu cha kuwaonyesha wahasibu.

Najua pingamizi lililomo vichwani mwa baadhi yenu, kwa sababu nimelisikia kwenye kila kikao: bandari ni mahali pa kazi, meli haisubiri kaa. Ni pingamizi la haki, na nalijibu kwa kuwaomba mfanye jambo moja. Chukueni ramani ya bandari yenu. Pakeni rangi nyekundu kila mita ya ukingo ambako meli hufunga kweli. Mtashangaa wekundu ulivyo mfupi. Mita zinazobaki ni pembe ambazo hakuna nahodha atakayezisogelea, ncha za magati, mabwawa ya zamani yaliyo membamba mno kwa meli za leo, ukuta wa nyuma ya maghala, mdomo wa mfereji wa maji ya mvua, sehemu ya chini ya madaraja ya kupandia boti. Mita hizo zote tulizijengea ukuta wima kwa mazoea, kwa sababu mchoro wa upande mmoja ulinakiliwa upande wa pili. Huko ndiko mteremko unakoweza kurudi bila kumnyang'anya mtu kazi. Huko Greenwich, London, kwenye eneo lililokuwa kiwanda cha gesi, miaka ya 1990 ukuta wa chuma uliokuwa umechakaa ulikatwa, ukingo ukarudishwa nyuma, na ngazi pana za udongo zikapandwa matete. Huo ni Mto Thames, ambao mwaka 1957 wanasayansi waliutangaza kuwa umekufa kibiolojia.

Na pale palipo rangi nyekundu, ambapo ukuta lazima uwe wima, bado yapo ya kufanya. Rotterdam, bandari kubwa kuliko zote Ulaya, walifunga sketi za kamba kwenye nguzo na kuning'iniza kamba chini ya majukwaa yanayoelea, kome walizijaza. Kamba tu. Sydney, ambako zaidi ya nusu ya ukingo wa bandari umekuwa ukuta, tangu 2018 wamekuwa wakifunga mabamba ya zege yenye maumbo ya miamba: yenye vidimbwi, yenye mashimo, yenye mizizi ya mikoko.

Hata hivyo niseme wazi jambo linalonitia wasiwasi. Mabamba hayo yanapendeza kwenye picha, na kitu kinachopendeza kwenye picha hutumika haraka kufunika kisichopendeza. Bamba lenye mashimo haliwezi kulipa fidia ya uwanda wa tope uliofukiwa. Ndege wa mwambao hapati chakula chake ukutani. Tena kuta na nguzo za kutengenezwa na binadamu hupokea viumbe vamizi wanaosafiri na meli kwa urahisi kuliko miamba ya asili, kwa hiyo uso wenye viumbe wengi si lazima uwe na viumbe wanaostahili kuwa pale. Mtu akikuletea mchoro wa kufukia mwambao ulio hai, akaahidi ukuta wenye mapambo badala yake, mwambie hapana. Palipo hai paachwe hai. Kazi ninayoizungumzia ni ya kurudi pale tulipokwishaharibu.

Na kurudi huko kuna utaratibu ambao hauna njia ya mkato. Tope la ufuo wa viwanda hukumbuka. Mafuta, zebaki, risasi, kreosoti, yaani dawa ya lami iliyopakwa kwenye nguzo za mbao ili zisiliwe, vyote vimekaa chini vikisubiri. Nguzo ya zamani yenye kreosoti hutoa sumu majini miongo kadhaa baada ya gati lake kusahauliwa, na mayai ya samaki yanayotagwa juu yake hufa au huanguliwa na kasoro.

Tubaki karibu na Seattle ule ule, tupande Mto Duwamish. Mwanzoni mwa karne ya 20 mto ule uliokuwa unapinda kama nyoka ulinyooshwa kuwa mfereji wa meli, na karibu vinamasi vyote vya mdomo wake vikatoweka. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliuingiza kwenye orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya ambayo lazima yasafishwe. Kwenye kipande kimoja cha ukingo kulikuwa na kiwanda cha kutengeneza lami ya mapaa, na udongo wake ulikuwa na kemikali za PCB, ambazo huingia kwenye mafuta ya samaki na kutoka hapo kwa anayemla. Mamlaka ya bandari iliuchimba udongo huo na kuuondoa. Ndipo ukingo ulipolazwa upya kwa mteremko, kinamasi kikapandwa, na mwaka 2022 wakazi wa mtaa wa jirani wakafunguliwa bustani yenye njia inayofika majini. Jina lake la kwanza lilikuwa namba ya gati. Wananchi walishirikishwa kulibadili, na sasa inaitwa bustani ya watu wa Mto Duwamish. Pembeni yake viwanda vinaendelea na kazi. Samaki wengi wanaoishi mtoni humo muda wote bado hawafai kuliwa, na kazi ya kuusafisha mto haijaisha. Nayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu ndivyo yalivyo.

Niliwahi kushiriki mradi mmoja uliofuata njia ya kinyume, na nitausimulia bila kutaja wahusika. Kulikuwa na tarehe ya uzinduzi, kulikuwa na wageni waalikwa, kulikuwa na miche maelfu. Tope lilipimwa haraka haraka, na kimo cha ardhi hakikupimwa kabisa. Tulipanda mikoko chini mno, mahali ambapo maji hayaondoki kwa muda wa kutosha mizizi ivute hewa. Yeyote aliyekulia karibu na mikoko angetuambia, na mvuvi mmoja mzee alituambia, akiwa amesimama na ndoo yake, kwamba hapo mkoko hauoti, haujawahi kuota. Tulimshukuru tukaendelea. Miezi michache baadaye ule uwanda ulikuwa umejaa vijiti vyeusi. Nililia siku ile, na sioni aibu kulisema hapa. Tangu wakati huo, mradi wowote ninaoushauri, kipimo cha kimo cha ardhi na mzunguko wa maji huja kabla ya mche wa kwanza. Na mzee mwenye ndoo huitwa kikaoni, analipwa kwa siku yake kama mtaalamu mwingine yeyote.

Kuna utajiri mmoja ambao bandari zinautupa kila mwaka, nao ni mashapo. Kila bandari huchimba njia ya meli, na mashapo yanayotoka, kama ni safi, kwa kawaida hupelekwa baharini na kumwagwa. Wakati huo huo visiwa na vinamasi vya jirani vinamomonyoka kwa kukosa udongo huo huo. Kwenye Ghuba ya Chesapeake, Marekani, kuna kisiwa kiitwacho Poplar. Katikati ya karne ya 19 kilikuwa na ekari zaidi ya 1,100. Miaka ya 1990 zilikuwa zimesalia ekari kama 5. Kazi ya kukirudisha ilianza 1998, na mashapo safi yanayochimbwa kwenye njia za meli zinazokwenda bandari ya Baltimore yamekuwa yakipelekwa huko, na kisiwa kimejengwa upya hadi kuzidi ukubwa wake wa zamani. Kobe wa maji ya chumvichumvi wanataga kwenye mchanga wake. Bandari ilikuwa inatafuta pa kuweka mashapo, kisiwa kilikuwa kinatafuta udongo. Najiuliza mara nyingi ni bandari ngapi zinalipia meli za kumwaga mashapo kilomita chache kutoka kwenye ufuo unaoyahitaji.

Maji ya mvua nayo. Hapa nawageukia wale wanaosanifu uwanja wa makontena, si ukuta. Mwishoni mwa 2020 watafiti walieleza kwa nini samoni wa aina ya koho walikuwa wakifa kwenye vijito vya eneo la Seattle kila baada ya mvua kubwa, fumbo lililokuwa limedumu miaka mingi. Muuaji alikuwa kemikali inayotokana na kinga inayochanganywa kwenye matairi ya magari. Tairi linasagika barabarani, vumbi linangoja, mvua inalisomba. Uwanja wa bandari ni mahali ambapo malori hugeuka, husimama na kuondoka mchana na usiku. Lakini tafiti za awali za watu wa kule zilikuwa zimeonyesha kwamba maji hayo yakipitishwa kwenye tabaka la mchanga na mboji kabla ya kutoka, samaki wanaishi. Mnapolipasua sakafu la uwanja ili muweke nyaya za umeme wa meli, mfereji umeshakuwa wazi. Kuuelekeza kwenye kitalu cha mchanga na mimea siku hiyo ni gharama ndogo. Kulipasua tena miaka mitano baadaye hakuna atakayekubali.

Kuhusu kelele na majira nitasema kwa ufupi tu, kwa kuwa sheria za nchi nyingi zimeshaligusa. Kupigilia nguzo za chuma chini ya maji ni kelele inayoweza kumuua samaki aliye karibu. Pazia la mapovu ya hewa kuizunguka nguzo huipunguza sana. Na miezi ambayo samaki wachanga wanapita, nyundo ipumzike. Wakandarasi hulalamika, lakini ratiba iliyopangwa tangu mwanzo haichelewi.

Halafu kuna bahari yenyewe, ambayo haitusubiri. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na mwendo wake unaongezeka. Ukuta wa miaka 75 unaomwagwa leo utakutana na bahari ambayo sisi hatuijui. Ukuta hauwezi kujiinua. Kinamasi kikipata mashapo na nafasi ya kurudi nyuma, kinaweza. Tafiti zilizokusanywa kuhusu mikoko zimeonyesha kwamba mita 100 za msitu wake hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea aina ya mikoko na hali ya wimbi. Sisemi mng'oe ukuta mbele ya gati mpande miti. Nasema pembe zile za ramani zisizo nyekundu zinaweza kuwa zinamlinda mwenye gati kuliko anavyodhani.

Sasa wale wenye kalamu za zabuni. Nimeona miradi mizuri ikifa kwa sababu ya ukurasa mmoja. Makazi ya viumbe yanaandikwa mwisho, kwenye kiambatisho, na fungu lake ni la hiari. Bei ya chuma ikipanda, kinachokatwa ni kiambatisho. Kiwekeni kipengele hicho ndani ya mkataba mkuu, kwenye mchoro ule ule wa ukuta, kwa vipimo: mteremko wa kiasi gani, uso wenye mikunjo kiasi gani, mwanga kiasi gani unapaswa kufika chini. Mkandarasi hajengi nia njema, anajenga kilichochorwa. Na tengeni fedha za kuhesabu viumbe kwa angalau miaka kumi, kwa sababu mwaka wa kwanza kila mradi unaonekana umefanikiwa. Mwani huja haraka. Chaza na samaki ndio wanaochukua muda kuamua kama watakaa.

Wenzangu wa gatini, ninyi mnaofunga kamba za meli usiku wa manane, msidhani haya ni ya wenye shahada. Ninyi ndio mnaouona ukuta kila siku. Kwenye kazi niliyoisimamia mwisho, aliyegundua kwamba samaki wachanga walikuwa wamejikusanya kwenye kona moja ya bwawa la zamani alikuwa mfungaji kamba. Kona hiyo ilikuwa imepangwa kufukiwa ili pawe maegesho. Alikuja ofisini na simu yake, akaonyesha video ya sekunde chache, maji yakimetameta kwa vidagaa. Mchoro ulibadilishwa wiki hiyo, na maegesho yakahamia nyuma ya ghala.

Basi nimefika kwenye mabamba. Nayafunua.

Yote mawili yalimwagwa siku moja, kwa mchanganyiko mmoja wa saruji, kokoto na mchanga. Yalifungwa kwenye ukuta mmoja, kimo kimoja, yakakaa majini miezi kumi na minane. Hili la kushoto lina uso laini, kama ukuta wowote wa gati. Mnaona ute, mnaona magamba machache hapa pembeni. Hili la kulia uso wake ulichorwa mashimo na mikunjo kabla zege halijakauka. Sikuligharimia zaidi ya kalibu ya kuligeuza uso. Hawa ni kome. Huyu ni chaza, na huyu, na huyu. Huu ni mwani wa aina mbili tofauti. Na kwenye shimo hili, mtaniwia radhi niinue kidogo, yumo kaa mdogo aliyekataa kutoka tangu asubuhi.

Njooni karibu, kwa zamu, myaguse. Kabla ya jioni lazima niyarudishe majini.